Damu Haitumwi kwa Simu

Wazee waliotuachia methali ya nyoka na fimbo hawakuwahi kushika simu, lakini mambo waliyajua. Walijua kwamba nyoka hampi mtu nafasi ya kurudi nyumbani kutafuta fimbo. Kilicho mkononi, hata kama ni kijiti cha kuni, ndicho kitakachomwokoa. Watiri alisoma maneno hayo akiwa darasa la nne, akayaandikia insha, akasifiwa na mwalimu mbele ya wenzake. Lo! Kusifiwa kwa methali ni kitu kimoja, kuishi nayo ni kingine.

Watiri aliishi Mwea na mama yake, Kagure, katika nyumba ya mabati iliyopakana na mashamba ya mpunga. Baba alikuwa amefariki, na ndugu hakuwa naye. Alipomaliza shule ya upili alitekwa na nyimbo za wasichana watano wa Seoul. Hakuridhika kuzisikiliza tu. Alijifunza Kikorea kwa kutazama video, akawa anazitafsiri nyimbo hizo kwa Kiswahili sanifu na kuyaweka maneno chini ya vipande vifupi vya video. Watu wa Mombasa, Dar es Salaam na Bujumbura walimfuata. Baadaye wakaja wa Manila, wa Jakarta na wa Lima, ambao hawakujua hata neno moja la Kiswahili lakini walipenda bidii yake.

Wimbo mpya ulipotoka, wote hao waliucheza kwa pamoja, wakaandika maneno yale yale saa ile ile, mpaka mtandao ukaanza kuwaonyesha wimbo huo watu ambao hawakuwa wameuomba. Hivyo ndivyo sauti ya Seoul ilivyofika kwenye maduka ya vinyozi ya Ruring'u na vibanda vya chipsi vya Sagana. Hakuna aliyetumwa kuileta. Ililetwa na akina Watiri, bila mshahara, kwa mapenzi matupu.

"Wee Watiri, ati hiyo simu ndiyo itakuzika?" Kagure alimtania.

"Mama, hawa ni watu wangu. Nikiandika neno, dunia nzima inaitika."

Na kweli iliitika. Hilo tusimnyime.

Majira ya mavuno yalipofika, Kagure alikuwa hajisikii vizuri. Alikuwa akivuja damu kwa wiki kadhaa na kulificha jambo hilo kama wafanyavyo akina mama wengi, akisema ni uchovu tu. Alimwomba binti yake ashike nafasi yake kwenye ngwatio, ule utaratibu wa wanawake kuvuniana mashamba kwa zamu. Siku hiyo ilikuwa zamu ya jirani yao Beth, aliyeitwa Mama Kingori. Wenzake walikata na kupura mpunga. Watiri, kwa kuwa mikono yake ilikuwa laini, alipewa kazi nyepesi ya kulinda ule ulioanikwa kwenye turubai, awafukuze ndege na kuufunika mvua ikija.

Kumbe siku hiyo, saa sita mchana kamili, ndipo wimbo mpya ulipokuwa unatoka. Watiri alisogea hadi kwenye ukingo wa mfereji ambako mtandao ulishika vizuri. Akainama juu ya simu. Wingu likatanda juu yake, naye hakuinua macho. Wanawake walipofika mbio, mvua ilikuwa imemwagika na mpunga ulikuwa unaelea.

"Na mvua nayo haikukutumia ujumbe?" Mama Kingori akamuuliza.

Wengine wakaangua kicheko kikali. Badala ya kuomba radhi, Watiri alijifuta uso akaenda zake. Tangu siku hiyo alipita njia ya nyuma ili asikutane nao. Alijua sheria ya ngwatio: aliyeharibu zamu ya mwenzake hana haki ya kuita watu kwake. Moyoni akahesabu kwamba yeye na mama yake wamefutwa.

Mpunga haukuwa umekwisha kuvunwa Kagure alipoanguka jikoni alfajiri moja. Zahanati iliwaelekeza Nyeri, na asubuhi hiyo hiyo alilazwa. Daktari hakuzungusha maneno. Uvimbe kwenye kizazi ulikuwa umemmaliza damu, alihitaji kupasuliwa, na akiba ya damu ya kundi lake ilikuwa imepungua mno.

"Tafuta watu watoe damu leo, tena mapema," muuguzi akamwambia Watiri. "Ni lazima ipimwe kwanza kabla ya kuongezewa mgonjwa."

Watiri alinyoosha mkono wake akawa wa kwanza kutoa. Kisha akarudi kitandani. Mama yake alikuwa mweupe kama unga, sauti yake imebaki mnong'ono.

"Pigia Mama Kingori. Mwambie alete wenzake."

"Nitampigia, Mama."

Alitoka nje, akalitafuta jina la Mama Kingori kwenye simu, akalitazama. Akakumbuka kile kicheko. Watakuja kwa lipi? Akalipita jina hilo, akafungua ukurasa wake na kuandika kwa Kiswahili, Kiingereza na Kikorea kwamba mama yake anahitaji damu, akiweka na picha.

Ujumbe ukaenea kama moto wa nyika. Kabla ya adhuhuri, jina la Kagure, mkulima wa Mwea, lilikuwa likiandikwa Manila na Lima. Watu walimwombea kwa lugha ambazo Watiri hakuzitambua. Msichana mmoja wa Jakarta alimchora Kagure akitabasamu katikati ya maua. Watiri alilia kwa shukrani, na mapenzi yale hayakuwa ya uongo hata kidogo. Ila hakuna aliyeweza kunyoosha mkono kutoka Jakarta.

"Watu wako wako wapi?" muuguzi akauliza mchana.

"Wako njiani."

Wa Nairobi aliahidi kuja akitoka kazini. Wa Eldoret alikuwa akitafuta gari. Mwanafunzi mmoja wa Karatina alifika kweli, mbio, akihema, lakini alipopimwa alikutwa na upungufu wa damu, akarudishwa. Watiri aliendelea kuandika. Kila alipoandika, maelfu waliitika. Jua lilipokuwa linazama, chupa ya damu ilikuwa bado ni ile moja aliyoitoa mwenyewe, na Kagure akakata roho mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa bintiye.

Kesho yake alfajiri, pikapu ilisimama langoni mwa hospitali. Wanawake wa ngwatio walishuka, matope ya shambani yakiwa bado kwenye viatu, mikono ya sweta wameikunja tayari. Msichana mmoja wa kijijini alikuwa ameiona picha ya Kagure mtandaoni, akamkimbilia Mama Kingori nayo. Habari ilikuwa imepita Lima kabla ya kuvuka mfereji.

"Tuonyeshe pa kutolea damu," Mama Kingori alisema. "Tuko tisa."

Watiri alitikisa kichwa tu, nao wakaelewa. Mama Kingori aliketi chini palepale.

"Mbona hukutuita, mwanangu? Simu yangu ni ya vibonyezo, lakini inalia."

"Niliwaharibia zamu," Watiri akalia. "Nilijua sina haki ya kuwaita."

Mama Kingori akamshika mabega. Machozi yake mwenyewe yalikuwa yakimtiririka.

"Zamu ni za shamba, Watiri. Mgonjwa hana zamu. Tungekuja hata kwa miguu."

Mfukoni mwa Watiri simu ilikuwa ikitetemeka bila kukoma, ikileta rambirambi kutoka pande zote za dunia, na kila moja ilikuwa ya kweli. Lakini Kagure alikuwa amelala baridi, na mikono ambayo ingemwokoa ndiyo hiyo iliyokuwa imekunjiwa sweta mbele ya bintiye, mikono ya watu wa ng'ambo tu ya mfereji. Waliosema hawakukosea: fimbo ya mbali haiui nyoka.