Bega la Bibi Ivalu

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mmeitikia kama watu waliotoka kulima? Haya, kaeni hivyo hivyo. Hadithi ya leo ni ya mtu aliyechoka, na mwenye kuchoka ndiye atakayeielewa upesi.

Hapo zamani za kale, mbali sana kaskazini, kule ambako bahari huganda mtu akapita juu yake kwa miguu, waliishi watu waitwao Wainuiti. Msiniulize waliivumiliaje baridi. Ninyi Julai ikiingia tu mnagombania blanketi. Wenzenu waliwinda sili, mnyama mnene wa baharini mwenye masharubu kama paka. Nyama yake waliila, mafuta yake waliwashia taa, ngozi yake waliivaa. Bila sili hakuna kijiji.

Basi watu hao walikuwa na desturi yao. Mtoto akiwa bado mdogo, mama yake alimtafutia wenzi wa nyama, watu wasio ndugu zake. Huyu atakuwa Bega lake, yule Ubavu wake, yule Mgongo wake. Akikua akaua sili, bega humpa Bega, ubavu humpa Ubavu. Nao wakiua, humletea vivyo hivyo. Hata majina yao ya kuzaliwa waliacha kuitana. Wakikutana njiani utasikia, "Bega langu, hujambo?" "Sijambo, Bega langu." Hakuna aliyelala na njaa jirani ameshiba, na hakuna aliyekuwa mkubwa wa kugawa.

Wakaja wageni kutoka kusini, na mkubwa wao. Tumwite Bwana Mkubwa, maana ndivyo alivyopenda kuitwa. Akawachukua watu wa Ghuba na watu wa Mto, ambao hawakuwahi kuishi pamoja, akawatia katika kijiji kimoja ili awaone vizuri. Wengine akawapeleka mbali zaidi. Akajenga ghala la mbao, akalitia kufuli. Akasema, "Kila sili aletwe hapa. Nitagawa mimi." Wenzi wa nyama wakatengana, huyu huku, yule kule, na wengi wakafa bila kuonana tena.

Bibi Ivalu alikuwa mtu wa Ghuba. Wakati huo hakuwa bibi, alikuwa na meno yake yote. Akafunga mbwa kwenye sleji, gari la mbao lisilo na magurudumu, akaenda kusini kwa wakubwa wa Bwana Mkubwa. Shwa, shwa, shwa, juu ya barafu. Akafika, akasimama mbele yao, akasema, "Tunataka kuitawala nchi yetu wenyewe."

Wakamwambia, "Tumesikia. Rudi mwakani."

Mwaka ukapita. Shwa, shwa, shwa.

"Tunataka kuitawala nchi yetu wenyewe."

"Tumesikia. Rudi mwakani."

Mbwa wakazeeka, akafunga wengine. Na hao wakazeeka. Vidole vya mguu vikaliwa na baridi. Mumewe akafa yeye akiwa njiani, akazikwa mkewe hayupo. Alipopewa habari alilia, machozi yakamgandia mashavuni, akayabandua kwa kucha, akaendelea. Shwa, shwa, shwa.

Hata mwaka mmoja, sijui walichoka kumwona au waliona haya, wakamwambia, "Haya, Bibi. Chukueni nchi yenu." Wakamkabidhi ufunguo wa ghala.

Bwana Mkubwa akapanda meli, akaenda zake. Ngoma ikapigwa, du, du, du, wazee wakacheza mpaka magoti yakawauma. Bibi Ivalu hakucheza. Alijilaza juu ya ngozi zake akajisemea, "Sasa nitalala."

Asubuhi akasikia watu wanakohoa nje. Koh, koh, koh. Akasogeza pazia la mlango. Kijiji kizima kimeketi kwenye theluji, watu wa Ghuba upande huu, watu wa Mto upande ule.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Mbona mmekaa kwenye baridi?"

"Tunakusubiri."

"Mnanisubiri nini?"

"Utugawie nyama."

Bibi akawatazama. Ndivyo walivyokuwa wakikaa mlangoni kwa Bwana Mkubwa, vile vile, mikono imeingizwa ndani ya mikono ya makoti. Moyo ukamshuka. Lakini mtu na watu wake, afanyeje? Akachukua ufunguo, akaenda, akagawa.

Watu wa Mto wakasema, "Amependelea Ghuba. Ni kwao."

Watu wa Ghuba wakasema, "Anawaogopa Mto, sisi wake ametunyima."

Kesho yake, koh, koh, koh. Kesho kutwa, koh, koh, koh. Ikawa hivyo majira yote ya baridi. Zamani miguu ndiyo iliyomchosha. Sasa ulichoka moyo, na moyo hauna mahali pa kukandwa mafuta.

Siku moja, mchana, mwindaji mmoja wa Mto aitwaye Masak alikuja anaburuta sili mkubwa. Kruu, kruu, kruu, kwenye barafu. Alipofika karibu na ghala akasimama.

"Huyu haingii humo," akasema. "Huyu ni mali ya Mto."

Vijana wa Ghuba wakamzingira. "Nchi ni moja sasa. Mwingize."

"Nchi yenu, siyo yangu. Mimi ni mtu wa Mto."

Visu vikatoka viunoni. Wanawake wakavuta watoto nyuma. Bibi Ivalu akaja anachechemea, akapita katikati ya visu kama mtu anayepita kati ya nguo zilizoanikwa, akaketi juu ya sili yule. Hakuketi kwa ujasiri. Aliketi kwa sababu miguu ilikuwa imegoma.

Akasema, "Masak, mwanangu, Bega lako ni nani?"

Masak akashusha kisu chake. Ilikuwa miaka mingi hajaulizwa.

"Bega langu alikufa, Bibi. Mwaka ule tuliohamishwa."

"Na Ubavu wako?"

"Alipelekwa mbali. Sikupata habari zake."

"Kwa hiyo ukiua sili, humpi mtu?"

"Nilikuwa nampeleka ghalani," Masak akasema. "Ghala halikuniuliza hali hata siku moja."

Bibi akainamisha kichwa. "Bega langu naye alikufa. Nilikuwa kusini naomba nchi. Leo nchi ninayo, Bega sina." Akanyoosha mkono. "Nipe bega la huyu, mwanangu. Na mimi nitakuwa Bega lako."

Watu wakaguna. Mzee mmoja wa Ghuba akasema, "Ivalu, hilo halijawahi kufanyika. Mwenzi wa nyama hutafutwa na mama, mtu akiwa mtoto. Watu wazima hawajichagulii. Tena mtu wa Mto?"

"Mama zetu wamekwisha," akajibu Bibi. "Na nchi hii ndiyo kwanza imezaliwa. Kama haitafutiwi wenzi leo, itatafutiwa lini, na nani?"

Masak akapiga goti, akachukua kisu kile kile alichokuwa amekichomoa kwa ugomvi, akakata bega, akamwekea mapajani.

"Bega langu," akasema, kwa haya kidogo.

"Naam, Bega langu."

Basi hapo ndipo watu wakaanza kutafutana. Msidhani ilikuwa kazi rahisi. Yule anataka Mgongo mnene, huyu hataki Ubavu anayekoroma. Wengine walikataa katakata, wakaenda nyumbani wamenuna, na wengine walinuna mpaka wakafa. Lakini wengi wa Ghuba walipata Bega la Mto, na wengi wa Mto wakapata Ubavu wa Ghuba. Mlango wa ghala ukaachwa wazi, mbwa wakazalia humo. Ule ufunguo Bibi akaufunga kwenye mshipi wake wa kuvulia, ukawa chubwi la kuzamisha ndoana. Alisema ni mzito vizuri.

Asubuhi moja baadaye, koh.

Bibi akafumba macho. Alitamani asiwe amesikia. Akasogeza pazia. Ni Masak, peke yake, na kipande cha nyama ya moto.

"Shikamoo, Bega langu."

"Marahaba. Kuna nini tena?"

"Watu wa Mto wanagombania mahali pa kufunga mbwa. Walikuwa wanakuja kwako. Nimewarudisha, nitawasikiliza mimi." Akamtazama usoni. "Umechoka?"

Kwa miaka yote ile hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo, wala wa kusini wala wa nyumbani.

"Nimechoka, mwanangu. Nimechoka sana."

"Basi nipe na huo uchovu kidogo. Si mimi ni Bega lako?"

Akaketi mlangoni, mgongo wake ukiziba upepo. Bibi Ivalu akala nyama ile, akajifunika ngozi, akalala mpaka jua likageuka.

Wanangu, kujitawala si kubadilisha mwenye ufunguo. Kazi ya nchi hugawanywa kama nyama, na uchovu wake vile vile, la sivyo mmoja atakufa nao peke yake. Nami nimechoka, hadithi yangu naiachia hapa. Anayeitaka aichukue sehemu yake, akampe mwenzake.