Chumba cha Riboni

Wewe unayesikiliza, ukiambiwa ukae mbali na mama yako siku kumi, na nyumba yenu ni chumba kimoja, utakaa wapi? Usijibu haraka. Kaa nalo kwanza.

Hapo zamani, na si zamani ya fisi na sungura, ni zamani ya juzi ambayo kaburi lake halijaota nyasi, aliishi Kwamboka katika shamba la maua kando ya ziwa. Alikuwa na digrii ya mikrobiolojia, second class upper, ameihifadhi kwenye folda ya plastiki chini ya godoro isilowe. Virusi alivijua kama watu wa ukoo wake. Kazi aliyoipata katika nchi hii ni kupanga mawaridi kwa urefu wa bua.

Alisimama meza ya tisa, uso kwa uso na rafiki yake Nafula. Ukumbi ule ni baridi kama friji na mlango wake hufungwa kutwa, maana waridi likipata joto hufunguka, na likifunguka wanunuzi wa ng'ambo hawalitaki. Hewa ya maua ilipimwa kila saa. Ya watu hakuna aliyeiuliza.

Palikuwa na desturi pale, na wanawake wenyewe ndio walioianzisha. Ukionekana mgonjwa unarudishwa nyumbani, na kesho meza yako ina mtu mwingine. Kwa hiyo mwenzako akikohoa, unamfunika. Unagonga ndoo, unaanzisha wimbo, supavaiza asisikie. Waliiita kufunikiana. Walifanya kwa upendo kabisa, na hapo ndipo uchungu unapoanzia.

Wiki moja kabla ya sikukuu ya wapendanao, Jumatatu, Nafula alikohoa, Kwamboka akagonga ndoo. Jumanne Nafula alikohoa, Kwamboka akaanzisha wimbo wa kanisani, meza nzima ikaupokea. Jumatano Nafula alikohoa mpaka akaketi sakafuni, na wimbo ukakatika.

Zahanati ya shamba ikampima. Ni kirusi kile cha mapafu kilichokuwa kikienea. Muuguzi, Sista Jerop, akamwita Kwamboka naye, akasimama mbali kidogo.

"Umekaa naye siku tatu. Vaa barakoa siku kumi, hata ndani ya nyumba. Siku ya tano uje nikupime, hata kama hujisikii vibaya. Homa ikija, usingoje hiyo siku ya tano. Na wazee ukae mbali nao. Unaishi na nani?"

"Na mama."

"Kifua chake ni kizima?"

"Alipulizia dawa maua haya haya miaka kumi na moja, sista. Kizima kutoka wapi?"

"Mna vyumba vingapi?"

"Si unazijua nyumba za shamba? Kimoja."

Nyuma ya zahanati palikuwa na chumba cha kutenga wagonjwa, vitanda viwili na choo chake. Ufunguo alikuwa nao Kimotho, supavaiza. Sista akamwendea.

"Kimejaa riboni za kufungia maua," Kimotho akasema. "Maboksi mia mbili. Nikiyatoa yanyeshewe, wewe ndiye utamweleza meneja?"

"Basi funga meza ya tisa. Kwamboka mpe ruhusa, na nafasi yake ibaki."

"Sista, hii ni peak season. Usiniletee mambo ya textbook. Nikifunga meza, watanifunga mimi. Andika kikohozi cha Nafula ni mzio wa vumbi. After Valentine's tutaongea."

Sista akafungua kalamu yake. Akaandika mzio.

Kwamboka akarudi nyumbani na barakoa yake. Akakigawa chumba katikati kwa leso. Akafungua dirisha. Akala ameelekea ukutani.

"Kwani ninanuka?" mama yake, Moraa, akauliza.

"Nimekaa na mgonjwa, mama. Nakulinda."

"Unanilinda na leso? Hewa inapita hapo chini kama paka." Akacheka, na kicheko kikageuka kile kikohozi chake cha miaka. "Na hilo dirisha ulifunge. Baridi ya ziwa ndiyo itakayoniua."

Siku ya kwanza Kwamboka alikataa kulifunga. Siku ya pili alikataa. Siku ya tatu mvua ikaja, mama akatetemeka mpaka kitanda kikalia, na Kwamboka, mwenye digrii yake, anayejua vizuri kinachotokea ndani ya chumba kisicho na hewa, akafunga.

Siku ya tano kipimo kilionyesha kirusi anacho. Hakuwa na hata mafua. Siku ya saba mama alipandwa na homa. Siku ya kumi na mbili walimfunika shuka mpaka usoni.

Siku ya mazishi, pikapu ya shamba ilileta boksi la mawaridi yenye mabua mafupi, yale ya kutupwa. Juu yake kadi: *Samahani kwa msiba huu*. Chini ya maneno hayo, mstari mtupu.

"Ofisi imesema anayehusika aweke jina," dereva akasema, akaondoka.

Nafula, aliyepona lakini amebaki mifupa, akanyoosha mkono. "Nipeni kalamu. Tangu Jumapili nilijua si vumbi. Niliogopa kuipoteza meza."

"Na ndoo aliigonga nani?" Kwamboka akamuuliza. "Mimi nilisomea haya, Nafula. Wewe hukusoma."

"Mimi nilikuwa na kipimo mkononi," Sista Jerop akasema, "nikaandika uongo kwa mwandiko mzuri. Wekeni Jerop."

Kimotho alisimama nyuma, kofia mkononi. "Mimi siandiki. Ufunguo wa kile chumba na amri ya kukijaza riboni nilipewa siku ile ile, na mtu yule yule wa ofisini. Tena dirisha lile ninalosikia habari zake, si mimi niliyelifunga."

Kwamboka aliinamia kadi, kwa kuwa neno hilo alikuwa akijiambia mwenyewe kila asubuhi. Kando ya shimo, mawaridi yalikuwa yamepata jua. Yakaanza kufunguka.

Je, nani alistahili kuandika jina lake? Aliyekificha kikohozi, aliyekifunika kwa wimbo, aliyekiita mzio, au aliyeshika ufunguo? Bishaneni, kalamu ipo. Lakini ninyi mlioituma kadi ikiwa tupu, maua yenu hatuyataki. Toeni riboni kwenye chumba cha wagonjwa. Leo, maana meza ya tisa kuna mtu ameanza kugonga ndoo.