Pilau ya Injinia

Programu ya oda katika hoteli ya Bi Mwanakheri ilianza kupoteza oda za wateja, na keshokutwa alikuwa na harusi mbili za kupikia. Injinia Shekiondo, aliyemtengenezea, alikuja na gari kubwa na majibu mafupi.

"Hitilafu haipo nilipoandika mimi, mama. Imo kwenye kipande cha programu nilichochukua kwa wenzangu. Walaumu wao."

"Kumbe huna kosa, baba! Basi kaa ule pilau."

Tonge la pili likalia kach! Injinia akashika shavu.

"Mama, pilau ina mawe!"

"Yamekuja na mchele wa dukani. Mlaumu mwenye duka."

"Aliyenipakulia ni wewe! Kwa nini hukuuchagua mchele kabla ya kuupika?"

Bi Mwanakheri akaondoa sahani, akamwekea kompyuta mahali pake.

Injinia akavua koti. Kufikia alasiri, oda zote zilikuwa zinaingia.

"Lakini mama," akauliza akiondoka, "mbona wateja wengine wanakula bila kulalamika?"

"Mchele wao niliuchagua. Wa kwako niliutengea sufuria yake, pamoja na mawe yake, tangu jana uliponiambia kwenye simu kwamba kosa si lako."