Sponji Juu ya Vumbi

Mama yangu mdogo, Tusekile, ndiye aliyenisimulia mfano huu kwanza, jioni moja tukimenya ndizi jikoni kwake, mtoto wangu amelala mgongoni. Leo zamu ya neno imeniangukia mimi. Basi, akina mama, nitausema kama nilivyousikia.

Kulikuwa na ndugu wawili wa kiume, baba mmoja, mama mmoja. Baba yao alipofariki, yule mdogo alichelewa msibani, kwa sababu basi lilimharibikia njiani. Alipoingia uani, kaburi lilikuwa limekwisha kufukiwa. Kaka yake akamtazama mbele ya waombolezaji wote, akasema, "Umekuja kuzika, au umekuja kuhesabu mabati ya urithi?"

Yule mdogo alikaa chini na wengine, akala kilichopikwa, lakini neno lile hakulitema.

Baadaye shangazi zao waliwaita, wakachinja jogoo. "Peaneni mikono," wakaambiwa. Wakapeana. "Yameisha?" "Yameisha, shangazi." Wakala, wakacheka, kila mtu akaenda kwake. Nani kati yetu hajawahi kula jogoo wa namna hiyo?

Sasa, baiskeli ya marehemu baba yao, ile nyeusi nzito yenye kengele, ilibaki imeegemea ukutani bila mwenyewe. Mdogo akaona ampelekee dada yao aliyeolewa kule milimani kwenye mashamba ya chai, ili binti yake apate kitu cha kwendea shule. Akaenda kumwomba kaka yake gari.

Kaka alikuwa na gari dogo la rangi ya fedha. Alilipenda mno, hata kuku wakilikaribia alitoka nje. Alilitazama gari, kisha akatoa ufunguo mfukoni.

"Chukua. Lakini lirudi kama linavyoondoka."

Mnaona uzito wa ufunguo ule? Tangu msiba, ndiyo mara ya kwanza kaka alimwamini kwa jambo lolote. Akiliharibu gari, ameharibu kila kitu.

Kwa hiyo alikwenda dukani kuchagua keria ya kubebea baiskeli, na alichagua kama mtu anayechagua mchumba. Mwenye duka akamwonyesha ya chuma, ya kunasia mlango wa nyuma.

"Hii ni imara, lakini ndoano zake zinakula rangi."

"Hapana. Gari si langu."

"La nani, la mkweo?"

"La kaka yangu."

"Aa, hapo bora lingekuwa la mkweo!" Mwenye duka akacheka, akashusha nyingine ya kuweka juu ya paa, yenye miguu ya sponji na mikanda ya kupitisha milangoni. "Gusa hapa. Laini kama shavu la mtoto. Ila futa paa kwanza, ndipo uiweke."

Yule mdogo akatikisa kichwa kukubali, kama tunavyokubali sisi hapa kanisani.

Alfajiri akaliangalia paa. Rangi ya fedha haionyeshi vumbi jembamba. Aliona safi. Akapuliza kwa mdomo, fuu, akaweka keria, akalaza baiskeli juu, akavuta mikanda mpaka ikalia.

Safari ile, wapendwa, ilikuwa kama ndoto. Aliendesha polepole, akapanda mlima, ukungu ukashuka. Hakuona tena nyumba wala miti, ila weupe tu na chai ikijitokeza kidogo pembeni. Hata kivuli cha gari hakikuwapo. Upepo ulizungusha magurudumu ya baiskeli juu ya kichwa chake, akayasikia yakiimba taratibu, na kwenye kona kengele ililia yenyewe, kri, kri. Akaona kama baba yuko juu pale, amevaa lile koti lake, anapiga pedali hewani, wanakwenda pamoja. Akajikuta anasema kwa sauti, "Baba, nilichelewa. Basi liliharibika." Magurudumu yakaendelea kuimba. Akatamani barabara isifike mwisho.

Dada yao alitoka kwenye ukungu na khanga kichwani, akaishika baiskeli kwenye usukani. "Amekuja," akasema, basi. Hakusema ni nani.

Mdogo alirudi moyo mweupe. Kaka alikuwa mlangoni na kikombe cha chai mkononi. Akakiweka chini, wakafungua mikanda, wakainua keria. Na pale miguu ya sponji ilipokuwa imekaa, paa lilikuwa limechubuka. Rangi imefifia kwa madoa, kama jicho la mzee lililoingia ukungu.

"Umefanya nini?"

"Kaka, nilichagua laini kuliko zote. Shika mwenyewe, ni sponji!"

Kaka akaishika, akaigeuza. Chini yake vumbi lilikuwa limeshikana na sponji kama msasa wa fundi seremala.

"Ulilifuta paa kabla ya kuweka?"

Mdogo akainamisha kichwa.

"Ndivyo ulivyo! Kila kitu nusu nusu. Hata baba tulimzika bila wewe!"

Mmesikia? Kilichochubuka ni paa la gari, lakini kilichotoka mdomoni ni msiba. Si walisema yameisha? Si waliunywa mchuzi wa jogoo?

Yule mdogo akamtazama, machozi yakamlenga. Akasema, "Kaka, mimi sikufuta paa. Na wewe, siku ile kwa shangazi uliponipa mkono, ulifuta kwanza?"

Kaka akakiokota kikombe chake, akamwaga chai iliyokwisha kupoa. Kisha akaenda kisimani, akarudi na ndoo na kitambaa. Wakaliosha gari lile pamoja, na walipofika kwenye yale madoa kaka akasema, "Basi lilikuharibikia wapi?" Hakuwa amemuuliza hata siku moja.

Madoa hayakutoka. Yapo mpaka leo.

Akina mama, sisi ni hodari wa kuchagua sponji. "Haina neno." "Tumshukuru Mungu." "Nimeshasamehe." Maneno laini, mazuri, wala sisemi tuyaache. Lakini tunayaweka juu ya vumbi, halafu tunavuta mikanda kwa nguvu ili watu waone tumeshikamana. Barabara ikianza kututikisa, kinachotuchubua ni kilekile tulichokificha chini ya ulaini wetu. Nani hapa anamsalimia jirani yake kwa sauti ya sponji? Nani anayemjua aliyechelewa, na hajamuuliza basi liliharibikia wapi?

Jioni ile kwa mama mdogo, ndizi zilinishinda kumenya. Siku nilipojifungua, wifi yangu alisema neno juu ya mtoto huyu, nami nikamjibu kwa tabasamu kwamba haina neno, na tangu hapo tumekuwa tukicheka pamoja vizuri sana.

Basi, asubuhi baada ya kuusikia mfano huu nilimfunga mtoto mgongoni, nikaenda kwake. Alikuwa anasugua masufuria uani. Nikamwambia, "Wifi, lile neno liliniumiza." Akaacha masufuria, akafuta mikono kwenye khanga yake, akanisogezea kigoda. Nikakaa.