Ndoo ya Sechelela

Mwenye kisima uani hajui uzito wa ndoo. Mmeisikia leo kikaoni, mkataka kujua imetoka wapi. Methali hii ilianzia Ugogo, kiangazi kimoja, na ilianza hivi.

Watu walichimba maji kwenye mchanga wa mto mkavu. Unafukua shimo, unangoja maji yajikusanye, unachota kwa kata. Yakiisha unangoja tena. Mfanyabiashara Chidawali peke yake alikuwa na kisima uani. Bintiye Nyemo aliamka jua limeshatoka, akanywa chai, akaenda shule. Kila mtihani aliongoza, naye aliamini, kama wote walivyoamini, kwamba ni akili tu.

Aliketi dawati moja na Sechelela, msichana wa bondeni aliyesinzia kila asubuhi. Mwalimu Mbijima alimwonya, akamsimamisha, mwisho akatangaza kuwa Ijumaa atalifuta jina lake katika darasa la mtihani, arudi kusoma na wadogo. Kwao kurudishwa darasa kulikuwa kuacha shule, maana baba yake alikwisha kusema hatangoja mwaka mwingine. Posa ilikuwa mlangoni. Nyemo alimhurumia, ila moyoni alimwona mvivu.

Wiki hiyohiyo kisima cha akina Nyemo kikakauka. Mama yake akampa ndoo, akamwambia afuatane na wenzake. Alfajiri akamkuta Sechelela mtoni. Nyemo alichota kwa pupa, akayavuruga maji, ikabidi angoje yatulie. Kisha akajitwisha ndoo bila ngata kichwani, maji yakamlowesha mpaka miguuni. Sechelela akacheka.

"Shoga, mwenye kisima uani hajui uzito wa ndoo. Haya, chukua ngata yangu."

Darasani Nyemo alilala fofofo. Mwalimu akamwendea taratibu, akamgusa paji la uso, akamuuliza kama anaumwa, apewe ruhusa akapumzike.

"Siumwi, mwalimu. Nimetoka mtoni."

"Safari moja tu ndiyo imekulaza hivi?"

"Moja tu. Sechelela huenda kila siku, na yeye hujamuuliza kama anaumwa."

Mwalimu akamgeukia Sechelela.

"Mbona hukuniambia, mwanangu?"

"Sisi wa bondeni tunakwenda wote, mwalimu. Nilidhani unajua."

Ijumaa ikapita, jina halikufutwa. Somo la hesabu likahamishwa kutoka asubuhi hadi baada ya uji. Mtihani ulipofika, Sechelela hakuwa wa kwanza, wala wa pili. Alifaulu kiasi cha kuendelea, na mwenye posa akaambiwa asubiri. Nyemo naye alifaulu, ingawa alishuka, kwa kuwa kisima hakikujaa mpaka masika. Hakuna aliyemwita mvivu.

Tangu hapo, kamati ya shule ikitaka kumrudisha mtoto nyuma, Mwalimu Mbijima aliuliza kwanza maji ya kwao yanatoka wapi. Wajumbe walimcheka: maji na hesabu vinahusianaje? Naye aliwajibu kwa maneno aliyosimuliwa na Nyemo: mwenye kisima uani hajui uzito wa ndoo.