Lipu Juu ya Kutu

Kulikuwa na fundi mmoja, Mbwilo jina lake, aliyekabidhiwa kutunza boriti za barabara ya juu katikati ya mji. Juu yake magari yalipita kutwa. Chini yake watu waliuza, wakala, wakapumzika kivulini. Na desturi ya mji ule ilikuwa hii: kila sikukuu ikikaribia, nyufa zizibwe na kupakwa rangi, wageni wasione aibu. Mbwilo aliona nondo zimeshika kutu, akapiga lipu juu yake, akailainisha vizuri. Watu wakamsifu, naye akavimba kichwa. Lakini kutu haina haya, ndugu zangu. Ukiifunika haifi, inakula ndani kwa ndani, na unyevu ulionaswa na lipu ndio unaoinenepesha.

Asubuhi moja pande la zege likaporomoka, likaangukia benchi la Mama Sikudhani, muuza chapati. Benchi likavunjika vipande. Mwenyewe alikuwa amesogea kuchota maji, ndiyo salama yake. Barabara ikafungwa, mji ukajaa honi na matusi, na mhandisi mgeni akaja kuuliza ni nani aliyeziba pale. Mbwilo akapima moyoni. Akisema, kazi imekwenda na jina limekwenda. Akinyamaza, patazibwa palepale palipoanguka, na sehemu nyingine alizozijua yeye peke yake zitabaki juu ya vichwa vya watu. Akamwona Mama Sikudhani akiokota chapati zake vumbini, uvumilivu ukamwisha.

"Ni mimi," akasema. "Na si hapa tu. Njooni niwaonyeshe."

Mhandisi hakumfukuza, wala hakumpongeza. Alimpa tindo na nyundo, akamwambia avunje mpaka akute chuma kizima. Basi Mbwilo akaivunja lipu yake mwenyewe, mji mzima ukimtazama. Kutu ikabanduka tabaka kwa tabaka. Kila alipochimba alikuta nyingine, akaanza kuogopa kwamba boriti yote imekwisha na kwamba ungamo lake limechelewa. Hata hivyo alijikaza, akaendelea kusugua.

Alasiri chuma kikatokea. Kilikuwa kimeliwa kandokando, lakini ndani kilikuwa kizima. Mhandisi akakigonga, akasikiliza, akasema kitaongezewa nondo, kitavikwa zege jipya, nacho kitabeba. Mbwilo akashusha pumzi, akakaa palepale kwenye kifusi, akalia kwa furaha bila kujificha. Tangu alipoanza kuziba hakuwahi kupita chini ya barabara ile bila kuharakisha hatua. Mama Sikudhani akamletea chai, akamtania kwamba benchi jipya atalichonga yeye, tena aanze na miguu kabla ya rangi. Mbwilo akacheka huku machozi hayajakauka.

Basi nawe niambie: hilo unalolifunika kila mwaka, unangoja limwangukie nani ndipo ulifunue?