Shimo Lisilojaa

Paukwa!
Pakawa!
Ndoo tupu!
Tuijaze!
Tuijaze na nini? Hapo mnanyamaza. Basi kaeni. Na wewe unayetafuna karanga pale nyuma, tafuna polepole, hadithi ya leo haina kicheko.

Hapo zamani palikuwa na kijiji juu ya mwamba mweupe. Mto hakuna, ziwa hakuna, kisima kimoja tu. Na watu wale walikiheshimu kisima chao, jamani. Hukanyagi ukingo wake na viatu. Hutumbukizi ndoo ya nyumbani, unateka kwa ndoo ya kisima. Hufui nguo karibu. Aliyesahau kuvua viatu alifukuzwa mpaka kwake, awe mkubwa, awe mdogo. Mdomo wa kisima waliulinda kweli. Shikeni hapo: mdomo.

Kijijini hapo alikaa Pandu, mtengeneza ngozi. Kazi hiyo mnaijua? Ngozi hulowekwa kwenye chokaa mpaka manyoya yatoke, na harufu yake hata nzi anaona tabu. Pandu alizitia zake rangi nyekundu, akashona makubadhi yaliyotafutwa mbali. Shida ilikuwa yale maji machafu. Akayamwaga shambani, wakulima wakamjia juu. Akayamwaga njiani, kina mama wakamjia juu. Akayamwaga nyuma ya msikiti, wakamjia juu wote.

Siku moja akaona ufa mwambani, nyuma ya nyumba yake. Akamimina mtungi mzima, maji yakaenda. Akamimina wa pili, yakaenda. Akamimina wa tatu, akainama, akasikiliza. Kimya. Pandu akacheka peke yake.

Mjanja yule akaupanua ule ufa, akajenga ua, akatia mlango, akatangaza kwamba ana shimo lisilojaa. Mwenye uchafu alete, na amwachie kibaba cha unga. Wakaleta. Mbuzi aliyekufa kwa maradhi, akaingia. Maji ya choo, yakaingia. Dawa ya kupe iliyobaki, ikaingia. Na Pandu mlangoni akiimba:

Leta, mwaga, nenda zako,
shimo langu halijai.

Haya, imbeni nami. Leta, mwaga, nenda zako. Mnaimba vizuri. Na wao waliimba vizuri vivyo hivyo, na hakuna aliyeuliza vitu vile vinakwenda wapi.

Sasa, Pandu alikuwa na binti mmoja, Mize. Mama yake alikwisha kufariki. Mize alirudi kwa baba yake kujifungua mimba ya kwanza, kama ilivyo desturi, na Pandu alimpenda kuliko roho yake. Hilo msilitilie shaka.

Mize akateka maji, akayanusa. Akamwambia baba yake kwamba yananuka ngozi. Pandu akamjibu kuwa mwenye mimba hunusa mpaka mawe. Mize akateka tena, akasema maji yana uchungu. Pandu akamwambia atie tangawizi. Mara ya tatu hakulalamika. Aliuliza tu.

"Baba, lile shimo linapeleka wapi?"

"Linapeleka linakopeleka. Kunywa maji, mwanangu."

Watoto wa kijiji wakaanza kuharisha. Wazee nao wakafuata. Unajua walisema nini? Walisema kuna mtu amekanyaga kisima na viatu! Wakasugua ukingo kwa majivu. Wakaweka walinzi, kazi yao kutazama miguu ya watu. Uchafu ulikuwa unapita chini yao, wao wanatazama miguu. Nikifika hapa huwa nakasirika, niacheni nikasirike.

Mize akalala, homa na tumbo. Pandu akaenda mwenyewe kumtekea. Akavua viatu, akateka, akatazama ndani ya ndoo. Kipande cha ngozi kinaelea. Chekundu. Na rangi ile hakuna aliyeijua kuitengeneza ila yeye.

Akaelewa. Pale pale, walinzi wakimtazama miguu, akaelewa kila kitu. Neno moja tu lilitakiwa kumtoka kinywani. Akaogopa, akaona haya, akakificha kile kipande kiunoni.

Akamwaga yale maji. Akachukua mtungi, akashika njia ya chemchemi ya ng'ambo ya bonde, safari ya kutwa kwenda na kutwa kurudi. Kwa jirani yake, Bi Mtumwa, alipita akasema tu kwamba ana safari, amwangalizie mgonjwa.

Bi Mtumwa alikuwa na moyo mwema. Mize alipolia kiu, alikwenda kisimani, akavua viatu, akamletea. Alipolia tena, akamletea tena. Akamwinua kichwa, akamnywesha mwenyewe kwa mkono wake. Mize akanywa, akamshukuru, akaomba mengine.

Pandu akarudi na mtungi begani, hajamwaga hata tone. Akakuta watu wamejaa uani. Mize amekufa, na mtoto tumboni amekufa naye.

Wakazika. Kaburi lilipokwisha kufukiwa wakataka maji ya kulinyunyizia, na Pandu akatoa mtungi wake. Maji yalikuwa meupe, hayana harufu. Bi Mtumwa akayatazama, akamtazama yeye.

"Haya umeyatoa wapi, Pandu?"

"Ng'ambo."

"Kisima kipo hapa. Ng'ambo ulifuata nini?"

Pandu akatoa kile kipande chekundu, akakiweka chini mbele ya watu. Bi Mtumwa akaitazama mikono yake mwenyewe. Akalia, na hakuna aliyeweza kumnyamazisha.

Ufa wakauziba kwa mawe. Lakini kilichokwisha kushuka hakikupanda. Wakangoja masika, maji yananuka. Wakangoja masika mengine, yananuka. Mwishowe wakafunga mizigo, wakahama wote.

Pandu alibaki. Wapitaji walimkuta ameketi kaburini kwa mwanawe, na wimbo wake ameubadilisha:

Mashimo niliyapata mawili,
hili ndilo lililojaa.

Hadithi yangu imefika ukingoni. Utamu wake, kama upo, chukueni. Uchungu niachieni mimi. La, hapana. Uchungu nao chukueni, mkaonje nyumbani kwenu.